Dondoo muhimu: Sakafu ya mbao iliyopauka barazani

Jua na upepo wa chumvi hugeuza hata mvule kuwa wa kijivu. Usikimbilie kununua mbao mpya. Chomeka ncha ya kisu: ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao huo umeoza, ubadilishe. Ikigoma, chini ya ukijivu kuna mbao nzima.

Sugua kwa brashi ngumu, sabuni na maji yasiyo na chumvi, halafu uache ikauke siku mbili tatu za jua kali. Wengi huharibu kazi hapa kwa haraka; masika si wakati wake kabisa.

Misumari iliyochomoza igongomee ndani, la sivyo itachana msasa. Anza na msasa namba 60, malizia na namba 100, ukifuata nyuzi za mbao, usizikatize. Funika pua na mdomo, maana vumbi la mvule huwasha vibaya. Kisha dondosha maji kidogo: yakinywewa upesi, mbao iko tayari, yakisimama kama shanga, rangi ya zamani bado ipo, rudia msasa.

Kwa nje mimi sishauri vanishi. Juani hubanduka magamba, na kuikwangua ni adhabu. Paka mafuta ya mbao, tabaka jembamba, na baada ya robo saa futa yaliyobaki juu.

Matambara uliyofutia usiyarundike: yenye mafuta ya kitani hupata joto na kuwaka yenyewe. Yaloweke kwenye maji, au yatandaze nje yakauke, mbali na nyumba.