RAFIKI YAKO AKIBADILIKA GHAFLA

Asubuhi anakuita ndugu wa damu. Jioni, kwa sababu tu ulichelewa kumjibu, anakutukana mbele ya darasa zima. Usiku analia, usimwache. Mtaani watasema ana mapepo, au anadeka.

Huenda ni ugonjwa. Madaktari wa akili huuita tatizo la haiba lenye hisia zisizotulia: hasira za ghafla, moyo mtupu, hofu kubwa ya kuachwa, pengine hata kujiumiza. Wewe usimpachike jina hilo. Hiyo ni kazi ya daktari.

Hofu ya kuachwa unaifahamu wewe wa Buzwagi. Mgodi uliposimama mwaka 2021, pengine hata baba yako alikwenda Geita kutafuta kazi.

Sasa ufanyeje? Mwambie, "Nakwenda kuchota maji, narudi saa kumi." Kisha urudi saa kumi kweli! Akifoka, punguza sauti, usibishane. Ila akitaja kujiumiza au kufa, usimtunzie siri. Msiache peke yake. Mwambie mwalimu wa malezi siku hiyo hiyo, au pigeni 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto. Akinuna, na anune. Na mzigo huu usiubebe peke yako, mgawane wawili watatu.

Je, hupona? Mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, alilazwa hospitali ya akili akiwa na miaka 17. Baadaye alibuni tiba inayomfundisha mgonjwa kustahimili hisia kali, na mwaka 2011 akaeleza hadharani kwamba naye aliugua hivyo.