PAKA WA DEPO AKIGEUKA TABIA



Trimestri iliyopita paka wetu wa depo aligeuka kwa siku moja tu. Yeye aliyekuwa akilala juu ya magunia ya maharagi na kujisugua kwenye miguu ya kila mtu, alianza kuvimbisha manyoya na kupiga makucha. Wengine wakasema: "Ile paka wameiloga." Wengine wakatafuta fimbo. Mdogo wetu mmoja akajaribu kumshika kwa nguvu, akaumwa mkononi. Akaficha kidonda kwa kuogopa azabu. Mimi kapita wa internati niliona kitambaa mkononi mwake tu wakati wa chakula cha usiku.

Paka anasema kwa tabia yake. Ikigeuka ghafula, iko sababu. Tuzitazame.

1. WOGA. Siku risasi zilipolia, paka huyo alijificha siku mbili bila kula. Mbwa mgeni au kuhamishwa nyumba kunaleta vile vile. Umwekee maji, umwache.

2. UZAZI. Jike anayetafuta dume analia usiku na kujiviringisha chini. Anabeba mimba kama miezi miwili. Akisha kuzaa, anakuwa mkali kwa kulinda watoto.

3. MAUMIVU. Dume anayechuchumaa mara nyingi na mkojo hautoki anaweza kufa kwa siku chache. Atafutiwe munganga wa wanyama upesi.

4. SUMU. Paka aliyekula panya mwenye sumu anaweza kulegea na kutoka damu. Tunaotega sumu tukumbuke hilo.

5. WAZIMU WA MBWA. Ugonjwa huu unaingia paka pia. Mpole anakuwa mkali, au paka wa porini anakuja kwa watu bila woga. Mate yanachuruzika, anayumba. Mtu akisha kuonyesha dalili zake, karibu kila mara anakufa. Lakini kabla ya dalili iko njia: mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, na mtoto akaishi.

Basi ukiumwa au kukwaruzwa, fanya hivi: osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, mara moja. Siku hiyo hiyo nenda kwa munganga. Mtu mzima amfungie paka kwa uangalifu, atazamwe siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku ile aliyouma. Lakini chanjo haingoji siku hizo 10 zipite.

Usiku ule tuliosha kidonda cha mdogo wetu. Kesho yake akapelekwa Beni, karibu kilometa 60, akaanza chanjo. Siku ya tatu tukasikia vilio vidogo nyuma ya magunia: watoto wanne! Paka wetu alikuwa mama tu. Wote wakacheka. Mimi sikucheka sana, sababu siku ile ya kwanza hakuna aliyejua, na kidonda kilichofichwa hakichanjwi.

Wadogo zangu, mje kusema. Hakuna azabu inayopita kifo.

MASWALI YA KUJIPIMA
a) Kwa nini fimbo haitufundishi sababu ya paka kugeuka?
b) Ukiumwa leo saa ya michezo, utafanya nini kwanza, na utamwambia nani?