Mawese, Mise na Mizani: Maswali ya Watengeneza Sabuni

Vitabu vya kemia vya sekondari huimaliza habari ya sabuni kwa ukurasa mmoja: mafuta yakichanganywa na alkali hutoa sabuni na gliserini. Mwanafunzi hukariri, hufaulu, husahau. Miaka kumi baadaye yuko uani kwake na dumu la mawese na mfuko wa kostiki soda, na sabuni yake inawachubua wateja mikono. Mimi ni mhandisi wa kemikali, na maswali mengi ninayoulizwa na vikundi vya watengeneza sabuni majibu yake yamo katika ukurasa ule ule. Nimeyakusanya machache hapa, pamoja na hesabu zake.

Mwalimu, kwenye semina tulifundishwa kwa mafuta ya mise. Mise ilipoadimika tukatumia mawese kwa vipimo vile vile. Sabuni ilitoka ngumu, ina vumbi jeupe juu, na inaunguza. Tulikosea wapi?

Kukoroga mlikoroga vizuri. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mafuta yote ni mafuta.

Mise na mawese ni ndugu wa tunda moja, chikichi: mawese hutoka kwenye nyama yake, mise kwenye kokwa. Lakini molekuli zao hazilingani ukubwa. Kila molekuli ya mafuta ina kiungo kimoja cha gliserini na mikia mitatu, na kila mkia unahitaji chembe moja ya kostiki ili ugeuke sabuni. Ni tatu kwa kila molekuli, iwe ndogo au kubwa. Mikia ya mise ni mifupi, kwa hiyo katika kilo moja ya mise zimo molekuli nyingi zaidi. Watu wa Kigoma watanielewa haraka: kilo ya dagaa ina vichwa vingi kuliko kilo ya migebuka. Ukiambiwa kila kichwa kipewe punje moja ya chumvi, huwezi kutumia kiasi kimoja kwa makapu yote mawili.

Sasa tuhesabu. Uzito wa moli moja ya mawese ni wastani wa gramu 846. Moli moja ya kostiki ni gramu 40, na tatu ni gramu 120. Gawanya 120 kwa 846, utapata kwamba kilo moja ya mawese inataka gramu 142 za kostiki. Kwa mise ni kama gramu 175. Mafuta ya nazi ni 183, ya ng'ombe karibu 140, ya pamba 138, ya alizeti 135. Hizi ni wastani, maana zao la shamba halitoki kiwandani, lakini zinatosha kabisa kuanzia kazi. Mkemia Köttstorfer alieleza njia ya kuzipima maabara mwaka 1879, na bado ndiyo tunayoitumia.

Nyinyi basi mlitia gramu 33 za ziada kwa kila kilo. Katika kilo 20 za mawese hiyo ni gramu 660 za kostiki isiyo na mafuta ya kushikana nayo. Ndiyo iliyounguza mikono. Na ile iliyopanda juu ya miche ilikutana na kabonidayoksaidi ya hewani ikawa lile vumbi jeupe.

Msiitupe sabuni hiyo. Vaeni glavu, ikwangueni, iyeyusheni kwa moto mdogo na maji kidogo, kisha ongezeni mawese. Gramu 33 za kostiki hushikana na gramu 230 hivi za mawese, kwa hiyo ongezeni gramu 250 kwa kila kilo ya mafuta mliyoanza nayo. Ile ishirini inayobaki ni ya usalama.

Sisi hupima kwa dumu na kikombe. Kweli kuna haja ya mizani?

Ipo, na ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya kalibu nzuri na kabla ya manukato.

Mafuta ni mepesi kuliko maji. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Ukilihesabu kama kilo 20 utatia gramu 2,840 za kostiki mahali pa gramu 2,556. Ziada ni asilimia 11, na sabuni tayari ni kali kabla hujakosea kitu kingine. Kikombe cha kostiki ni kibaya zaidi, kwa sababu vipande bapa huacha nafasi nyingi katikati kuliko chembe za mviringo. Kikombe kile kile, uzito tofauti, na aliyekupa kanuni hakukuambia alitumia kostiki ya namna gani.

Tukichanganya mawese kilo 7 na mise kilo 3, tutie kostiki kiasi gani?

Kila mafuta yahesabiwe peke yake, kisha mjumlishe. Mawese: 7 mara 142 ni 994. Mise: 3 mara 175 ni 525. Jumla gramu 1,519.

Usikimbilie mizani bado. Kiasi hicho kinamaliza mafuta yote bila kubakiza hata tone, na wastani wetu ukipotoka kidogo tu, kostiki itabaki. Ndiyo maana mtengeneza sabuni mwangalifu hupunguza asilimia 5, ili kinachobaki kiwe mafuta: 1,519 mara 0.95 ni 1,443. Kisha soma mfuko. Ukiwa umeandikwa usafi wa asilimia 98, gawanya kwa 0.98, upate 1,472. Maji yawe maradufu ya kostiki, karibu kilo 2.9.

Anayechanganya namna hii pia anapata sabuni nzuri. Mise huleta povu la haraka, mawese huleta ugumu wa mche. Sabuni ya mise tupu hutoa povu zuri sana lakini hukausha ngozi.

Walimu wa semina husema kostiki ilowekwe siku tatu. Kwa nini tatu?

Nimewauliza baadhi yao. Walifundishwa hivyo.

Kostiki huyeyuka kwa dakika chache ukikoroga. Kinachochelewa ni joto. Inapoyeyuka hutoa joto jingi, na mchanganyiko wa theluthi moja kostiki na theluthi mbili maji unaweza kufika nyuzi 80 hadi 90. Ukiumwaga hivyo kwenye mafuta, sabuni itaganda kabla hujaikoroga sawasawa. Kwa hiyo kusubiri kuna maana, ila saa kadhaa zinatosha, au uache usiku mmoja. Siku tatu katika ndoo isiyofunikwa zina hasara: kostiki hunyonya kabonidayoksaidi na kugeuka soda ya kawaida, ambayo haigeuzi mafuta kuwa sabuni. Ukipenda siku tatu zako, funika ndoo.

Na daima kostiki ndiyo imwagwe kwenye maji, kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya kostiki, tabaka la juu huchemka ghafla na kurukia uso.

Kilo 5 hutoka vizuri kila mara. Tulipotengeneza kilo 40 kwenye pipa, ilifura na kumwagika. Vipimo vilikuwa sahihi!

Naamini vilikuwa sahihi. Hapa kemia imekaa kimya na uhandisi ndio unaosema.

Mafuta yanapogeuka sabuni hutoa joto, na joto hilo huzaliwa katika ujazo wote lakini hutoka kupitia ngozi ya chombo. Chukua chombo, kikuze mara mbili kila upande: urefu, upana na kina. Ujazo umekuwa mara 8, ngozi imekuwa mara 4 tu. Kilo zenu 40 ni mara 8 ya kilo 5, kwa hiyo kila kilo ilikuwa na nusu ya nafasi ya kupoa iliyokuwa nayo zamani. Joto likabaki katikati, na joto huharakisha mmenyuko, nao mmenyuko uliokwenda kasi ukaongeza joto. Zaidi ya hapo, sabuni ya kwanza kuundwa husaidia mafuta na maji yachanganyike, jambo linalozidisha mwendo. Mpishi wa pilau ya shughuli anajua kwamba sufuria la watu 200 halipikwi kama la watu watano, ingawa mchele na viungo vinalingana kwa hesabu.

Anzeni na mafuta na maji ya kostiki yaliyopoa zaidi. Mimineni kostiki kwa awamu. Acheni theluthi ya pipa wazi. Sabuni ikishaanza kuwa nzito, igaweni kwenye trei zenye kina kifupi badala ya kuiacha pipani, na msiifunike kwa magunia kama mlivyofanya kwa ile ndogo.

Sufuria za kawaida zinafaa?

Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu huliwa na kostiki huku ikitoa haidrojeni, gesi inayowaka. Najua kwa sababu nilikuwa na shahada mkononi nilipofanya kosa hilo jikoni kwa mama. Nililiandika jibu lake kwenye mtihani, na bado sikuliona lilipokuwa linatokota mbele yangu. Sufuria ilitoboka na ilinibidi kununua nyingine. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Kostiki imepanda bei. Magadi hayawezi kutumika?

Yakiwa peke yake, hapana. Magadi ni alkali dhaifu, yanaweza kushika asidi zilizokwisha kuachana na mafuta, lakini hayana nguvu ya kuvunja mafuta yenyewe. Ukiyachemsha na chokaa iliyozimwa, ndiyo, unapata kostiki, na viwanda vya karne ya 19 vilifanya hivyo hasa: gramu 106 za soda safi na gramu 74 za chokaa hutoa gramu 80 za kostiki na chaki inayozama chini. Neno lenye uzito hapo ni safi. Magadi ya sokoni yana maji ndani yake, chumvi, udongo, na soda za aina mbili. Bila kupima kila mzigo hutajua umepata kostiki kiasi gani, na utarudi kwenye sabuni inayounguza. Kwa biashara nasema nunueni kostiki.

Sabuni yangu ya maji ilikuwa nyepesi, nikaongeza chumvi ikawa nzito. Nikaongeza tena ikawa maji kabisa. Inawezekanaje?

Kwanza, sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa malighafi za salfoniki na slesi kikemia si sabuni, ni sabunisho la viwandani, ingawa sokoni sote tunaiita sabuni. Chembe zake hujikusanya vifungu. Chumvi ya mwanzo huvirefusha vifungu, vikapotana kama tambi, na mchanganyiko ukawa mzito. Ukizidisha, vifungu hubadili umbo, vinaacha kupotana, na uzito unaporomoka. Kuna kilele, na ukishakipita chumvi haikurudishi. Ongeza maji na malighafi zaidi kushusha kiwango cha chumvi. Safari ijayo yeyusha chumvi pembeni, tia kijiko kimoja kimoja, na uandike ulipoishia.

Kostiki ikiingia jichoni, tutumie siki au ndimu? Si asidi huiua alkali?

Nadharia ni sahihi, na hapa ndipo isipotakiwa. Asidi na alkali zikikutana hutoa joto, na jicho lililoungua haliongezewi joto wala ndimu. Pia dakika unayotafuta siki, kostiki inazidi kuzama ndani. Maji safi ya bomba au ya ndoo, mengi, yatiririke juu ya jicho lililofumbuliwa kwa vidole kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha hospitali. Ndoo hiyo ijazwe na kuwekwa karibu kabla mfuko wa kostiki haujafunguliwa.