Uduvi wa Ziwani Katika Tangi la Kioo

Wakulima, somo la mwezi huu halitaongeza hata debe moja la mahindi. Ni juu ya kufuga uduvi wa maji baridi katika tangi la kioo, nyumbani, mahali ambapo watoto waweza kuwatazama. Uduvi ninayemtaja ni yule wa Ziwa Victoria, ambaye wavuvi Wajaluo humwita ochong'a, na wataalamu humwita Caridina nilotica. Ni mdogo, sentimita 2 hivi, na mwili wake hupitisha nuru kama kioo. Wengi wetu twamjua akiwa mkavu tu, amechanganywa katika chakula cha kuku.

Mwambie fundi wa vioo akutengenezee tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Zidisha, kisha gawanya kwa 1,000: utapata lita 54. Ukiondoa nafasi ya mchanga na ya juu, maji yatakuwa lita 40 hivi. Gundi iwe silikoni tupu, si ile iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu. Ikauke siku 3, kisha jaza maji nje ya nyumba uone kama linavuja. Lita moja ya maji ni kilo 1. Pamoja na mchanga na kioo utakuwa na kilo 60 hivi, basi kimeza cha redio hakifai. Jua la dirishani lisilipige.

Osha mchanga wa mto katika karai mpaka maji yatoke safi, uutandaze sentimita 4. Panda magugu yanayoota chini ya maji, kwani mchana huwapa uduvi hewa. Gugu-maji lile lililovamia ziwa tangu miaka ya 1990 usilibebe kamwe. Maji ya kisima yafaa. Ya bomba yakae wazi siku nzima ili klorini itoke. Ya mvua peke yake hayana madini ya kutosha ya kujengea gamba.

Sasa ngoja. Hapa ndipo wengi huharibu. Mavi ya uduvi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ile harufu tuijuayo zizini, nayo ni sumu. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hugeuza amonia kuwa kitu kisichodhuru upesi, lakini huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea mchangani. Katika muda huo tia jani kavu kidogo lioze, ili vipate chakula.

Wakati wa kutafuta uduvi, mwombe ruhusa Bwana Samaki, wala usiingie majini kwa miguu mitupu: konokono wa kando ya ziwa hueneza kichocho. Uduvi 20 watosha. Waweke ndooni, uongeze kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika chache kwa muda wa saa moja, ndipo uwahamishe. Wale kamba wakubwa wa Naivasha, walioletwa ziwani humo mwaka 1970, usiwachanganye nao; hao hula mimea na wenzao pia.

Chakula ni kidogo sana: utando wa kijani ulioota kwenye kioo, na kipande cha sukuma kilichochemshwa, cha ukubwa wa ukucha, kutoka bustani isiyopigwa dawa. Kilichobaki kesho yake kitoe.

Mwaka jana nilipoteza uduvi wangu wote usiku mmoja. Jioni nilikuwa nimenyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, nikasuuza mikono bila sabuni, nikaenda kupanga magugu tangini. Dawa ile ni ya namna iliyoigizwa kutoka sumu ya ua la pareto. Ng'ombe hakudhurika, lakini uduvi ni jamaa wa wadudu na kupe, wenye gamba la nje na miguu ya viungo. Kinachomuua kupe humwua naye, tena kwa kiasi kidogo mno. Dawa za shaba tunazonyunyizia kahawa nazo humwua. Tangu siku ile sisuuzi tena bomba la dawa kijitoni. Maji ya kusuuzia huyanyunyizia palepale shambani, mbali na mto na kisima.

Kila wiki toa lita 4 za maji, urudishe mengine yenye joto lileile, polepole. Ukiona uduvi mweupe asiyesogea, mtazame vizuri kabla hujamtupa, maana huenda ni gamba tu alilovua, liache, watalila. Jike mwenye mayai huyabeba chini ya tumbo. Ukishamwona, maji unayotoa yamwage kwanza katika karai jeupe uyachunguze kwenye mwanga, kwa kuwa watoto wake ni wadogo kama kipande cha uzi.