Karani-Ngufu wa Kompyuta na Fomu Yake

Ninyi wanafunzi wa zamani mliopanda mlima huu wa Rebero siku ya sikukuu yenu mkarudi nyumbani bila kusikia kwaya tuliyowaahidi, napenda kuwaeleza yaliyotupata. Chama chetu cha kompyuta kilikaa majuma matatu na kinasa-sauti kisichotoa hata mlio. Kosa lilikuwa langu mimi, na ndani yake mna somo ambalo sikulikuta kitabuni.

Sote twajua namna mizigo ishukavyo pale Nyabugogo. Mwenye mali habebi magunia. Humwita karani-ngufu, akamwambia: chukua haya hapa, peleka pale, ukimaliza niambie. Kisha yeye huendelea na hesabu zake. Ndani ya kompyuta prosesa ndiye mwenye mali, na karani-ngufu wake huitwa DMA. Kazi yake ni kuhamisha data baina ya vifaa na kumbukumbu pasipo prosesa kubeba chochote.

Labda mtu atasema, prosesa ana nguvu, kwa nini asibebe mwenyewe? Basi na tupige hesabu. Raspberry Pi ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012, hutumia chipu ya BCM2835. Sehemu yake ya sauti ina sanduku dogo la nafasi 64 tu, kila nafasi baiti 4. Sauti ya njia mbili, vipimo 48,000 kwa sekunde kila njia, ni vipimo 96,000. Gawanya kwa 64: sanduku hujaa mara 1,500 kila sekunde. Prosesa akichelewa hata elfu moja ya sekunde, sauti imemwagika. Kwa hiyo hapana budi karani awepo.

Lakini karani hana akili ya kubahatisha, hufanya alivyoandikiwa. Katika Linux maagizo hayo huandikwa katika fomu iitwayo dma_slave_config. Mwandishi wa draiva ya sauti huijaza: anwani ya kifaa, upana wa kila kipande kwa baiti, na vipande vingapi vibebwe kwa safari moja. Halafu huikabidhi kwa draiva ya DMA, nayo huigeuza kuwa lugha ya chipu yenyewe. Mwandishi wa sauti hana haja ya kujua DMA imejengwaje, wala mwandishi wa DMA hana haja ya kujua sauti ni nini. Fomu yasimama katikati yao.

Sisi, kwa kutaka kujifunza, tuliandika draiva yetu ndogo na fomu yetu wenyewe. Nami, kwa kiburi cha mwanafunzi, niliweka nafasi 11 za kujaza. Niliona kuwa kadiri fomu inavyouliza mengi ndivyo ilivyo ya kitaalamu.

Siku ya kujaribu tuliagiza sauti ya sekunde 10. Kazi ikaisha kabla hatujavuta pumzi, na faili likajaa namba moja tu, ile ile toka mwanzo hata mwisho. Tulibadili nyaya, tukabadili kinasa-sauti, tukalaumu umeme. Jibu lilikuwa katika ile haraka yenyewe, nasi hatukulitazama.

Katika chipu ile prosesa huiona sehemu ya sauti kwenye anwani 0x20203000, bali DMA huiona kwenye 0x7E203000. Ni kama njia za hapa Kicukiro: kibao chasema KK na namba, naye mama auzaye maharagwe aijua njia ile ile kwa jina la kanisa. Mimi niliandika anwani ya prosesa. Karani akaenda mahali pasipo na sauti, akachota utupu. Wakati huo huo sanduku la kweli lilikuwa limejaa, likipiga kelele “njoo uchote!” bila kukoma, naye akizidi kukimbia kule kusikofaa. Ndiyo maana sekunde 10 ziliisha mara moja.

Tena twashukuru kwamba alikuwa akikosea mahali pa kuchota. Angalikosea mahali pa kutua mzigo, angaliweza kuandika juu ya kiini cha mfumo chenyewe, maana katika chipu ile hakuna mlinzi asimamaye baina ya karani na kumbukumbu.

Tangu hapo nimeitazama fomu kwa jicho lingine. Jambo lisilobadilika katika bodi, kwa nini nimwulize mtu kila mara? Anwani ya kifaa kama DMA ionavyo, na namba ya mstari wa kuomba mzigo (sauti itokayo ni 2, iingiayo ni 3), ni mambo ya bodi. Mahali pake ni katika ramani ya vifaa ambayo Linux huisoma inapoamka. Wakubwa nao walipitia njia hii. Fomu ya Linux ilikuwa na nafasi ya namba ya mstari kwa miaka mingi. Ilifutwa mwaka 2022, namba hizo zikiwa zimekwisha kuhamia kwenye ramani. Lakini mwaka 2021 waliongeza nafasi nyingine, ya maagizo ya pekee ya kifaa fulani, ambayo fomu yenyewe haijui yaliyomo. Mwenzangu mmoja wa kidato chetu huisifu, kwa kuwa vifaa vipya havitabiriki. Mimi naiona kama mfuko uliofungwa aliopewa karani, ambao hakuna awezaye kuukagua mlangoni. Bado twabishana.

Jambo moja hatubishani. Fomu mbaya ikataliwe pale pale. Draiva ya Linux ya chipu hii hutangaza kwamba yajua upana wa baiti 4 tu. Fomu yangu ya kwanza ilipokea baiti 2 ikanyamaza, na ukimya huo ulitugharimu juma zima.

Sasa fomu ina nafasi 4. Jumamosi iliyopita tuliagiza tena sauti ya sekunde 10, na mara hii tulingoja sekunde 10 kamili, mvua ikipiga bati. Kwaya imo, na mvua imo pia. Wanafunzi wa zamani watakaopita Rebero waje chumba cha chama baada ya masomo, tutawasikilizisha.