Jakuzi bovu na karatasi ya waranti: mnunuzi adai vipi?

Jakuzi, yaani beseni kubwa la kuogea lenye hita, pampu na matundu ya kurusha maji, si tena kitu cha hoteli kubwa za Nungwi na Kendwa peke yake. Mwenye nyumba ya wageni Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege, naye anaweza kuliagiza ili apandishe bei ya chumba. Lakini ni bidhaa ghali, iliyotoka mbali, na likiharibika mapema mnunuzi hubaki na karatasi ya waranti mkononi bila kujua aanzie wapi. Somo la wiki hii linahusu karatasi hiyo.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwenye nyumba ya wageni amenunua jakuzi la lita 1,500 kwa shilingi 12,000,000, na waranti ni ya mwaka mmoja. Wiki ya tatu maji hayapati moto. Muuzaji anamjibu: "Umeme wenu huo." Je, mnunuzi amekwisha?

Milango miwili ya haki

Hajakwisha. Mnunuzi ana milango miwili, na wengi huujua mmoja tu.

Mlango wa kwanza ni waranti yenyewe. Hii ni ahadi ya hiari ya kiwanda au ya muuzaji, na aliyeitoa ndiye anayeweka masharti yake. Kwa kawaida ganda la jakuzi hupewa muda mrefu, na pampu, hita na kisanduku cha umeme muda mfupi zaidi. Ujira wa fundi na nauli ya kurudisha kifaa mara nyingi huachiwa mnunuzi. Mambo haya yasomwe kabla ya kulipa.

Mlango wa pili ni sheria, nao haumtegemei aliyeandika karatasi. Sheria za uuzaji wa bidhaa Afrika Mashariki zimefuata misingi ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Misingi hiyo inasema kuwa mfanyabiashara anapouza bidhaa anayoshughulika nayo, bidhaa hiyo iwe na ubora wa kuuzika, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Jakuzi lisilopasha maji halifai kwa kazi yake, hata kama karatasi ya waranti ingekuwa haipo. Tahadhari ni kuwa mkataba unaweza kuipunguza haki hii. Kwa hiyo soma na yale maandishi madogo nyuma ya risiti.

Zanzibar ilitunga sheria ya biashara halali na kumlinda mlaji mwaka 1995, na mwaka 2018 ikaja sheria mpya ya ushindani halali na ulinzi wa mlaji. Biashara ya ndani si jambo la Muungano. Anayenunua Darajani hutazama sheria za Zanzibar, wala asikimbilie ile Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania Bara.

Nani hasa aliyenunua?

Swali hili huwaangusha wengi, hasa kwa mali ya Dubai. Ndugu yuko huko, analipa dukani, risiti inaandikwa jina lake, mzigo unapandishwa meli. Mbele ya sheria, aliyenunua ni yule ndugu.

Kesi maarufu ya jambo hili ni ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa kinywaji na rafiki yake, akadai kuwa ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza na kwamba aliugua. Hakuweza kumdai mwenye mgahawa kwa mkataba, kwa sababu si yeye aliyelipa. Mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza ilikubali kuwa mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Lakini njia hiyo ni ndefu, na inahusu zaidi bidhaa iliyomdhuru mtu kuliko iliyokataa kufanya kazi tu.

Kwa hiyo risiti iandikwe jina la atakayedai. Kama haikuwezekana, ndugu aliyelipa ndiye apeleke dai. Falme za Kiarabu zina sheria ya kumlinda mlaji tangu mwaka 2006, iliyobadilishwa kwa sheria mpya ya mwaka 2020, na mnunuzi wa Dubai anaweza kulalamika kwa mamlaka ya uchumi ya huko. Uliza pia kabla ya kulipa: waranti hii inatumika nchi gani? Waranti inayoishia mipaka ya Dubai haina kazi Kiembe Samaki.

Pima kasoro, usiieleze kwa maneno tu

Kusema "maji hayapati moto" ni malalamiko tu. Ushahidi ni kipimo. Kupasha lita 1,500 kwa nyuzi moja ya Selsiasi huhitaji umeme wa yuniti 1.75 hivi. Kutoka nyuzi 27 hadi 38 ni nyuzi 11, yaani yuniti 19 hivi. Hita ya kilowati 3 inapaswa kuimaliza kazi hiyo kwa saa 6 na nusu, na ukiongeza joto linalopotea, tuseme saa 8. Funika jakuzi, washa asubuhi, andika joto la maji kila saa, na piga picha za kipimajoto. Kama baada ya saa 10 maji yako nyuzi 31, muuzaji hana budi kuzungumza na tarakimu zako.

Andika pia nambari ya kifaa, tarehe ya kununua, tarehe ya kufungwa na jina la fundi. Na usimruhusu fundi wa mtaani kukifungua kabla dai halijajibiwa. Kifaa kilichofunguliwa humpa muuzaji sababu ya bure ya kukataa.

Visingizio vitatu

Umeme. Unguja hupata umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Historia hiyo humrahisishia muuzaji kusingizia umeme. Funga stabilaiza tangu siku ya kwanza na utunze risiti yake. Kabla ya hapo soma kibandiko cha kifaa: huku kwetu ni volti 230 na hezi 50. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 za Marekani, ikifungwa kwetu, huzunguka polepole kwa karibu moja ya sita. Aliyekuuzia kifaa cha namna hiyo, naye akijua kitatumika Zanzibar, kasoro ni yake, si ya umeme wetu.

Maji. Maji ya visima katika miamba ya matumbawe huwa na chokaa, nayo huganda kwenye hita. Kama kitabu cha kifaa kinataka maji yapimwe, pima na uweke daftari. Hita iliyokufa wiki ya tatu haiwezi kusingiziwa chokaa ikiwa daftari lipo.

Biashara. Hiki ndicho kizito kwa nyumba za wageni. Waranti nyingi za jakuzi ni za matumizi ya nyumbani, na hufa kifaa kikiwekwa mahali pa kulipisha. Mwambie muuzaji kwa maandishi, kabla ya kununua, kuwa ni la nyumba ya wageni. Maandishi hayo ndiyo yatakayoufungua mlango wa pili, kwa sababu alijua kazi ya bidhaa alipoiuza.

Barua ya dai

Toa taarifa mara moja. Kwa misingi ile ya 1893, mnunuzi anayekaa na mali muda mrefu bila kuikataa huhesabiwa ameikubali. Hapo hubaki na haki ya fidia tu, si ya kurudisha mali. Barua iwe fupi:

"Ndugu Meneja, tarehe fulani nilinunua kwenu jakuzi lenye nambari hii, kwa risiti hii. Tarehe fulani halikuweza kupasha maji; vipimo nimeviambatanisha. Naomba mlitengeneze au mnibadilishie ndani ya siku 14. Likishindikana, nadai kurudishiwa fedha zangu."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa duka na ibaki kwako. Siku 14 zikipita kimya, peleka faili zima kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Ikiwa wewe ni mfanyabiashara, tazama na wakili kama sheria ya mlaji inakugusa au njia yako ni mahakama na mkataba.

Piga hesabu kabla ya kugombana

Mwisho, dai ni biashara kama biashara nyingine. Katika mfano wetu, tuseme chumba chenye jakuzi kinaongeza shilingi 40,000 kwa usiku, na hulala mtu siku 15 kwa mwezi. Miezi mitatu ya mabishano inakula shilingi 1,800,000. Kama hita mpya ni 600,000, huenda ni nafuu kukubaliana kwa maandishi kuwa muuzaji alete hita na wewe ulipe fundi. Ila kama kasoro iko kwenye ganda au kwenye kisanduku cha umeme, 12,000,000 ziko hatarini, na hapo dai lifuatwe mpaka mwisho.

Mwenye risiti, vipimo na nakala yenye muhuri huanza mazungumzo akiwa na nguvu. Asiye navyo huanza kwa kuomba.