Kabla Hamjapitisha Bakuli, Nunueni Daftari



Safari hii nina barua kutoka Muheza, mkoani Tanga. Wameandika mabinti watano na kijana mmoja waliomaliza kidato cha nne, wako nyumbani wanasubiri matokeo. Shule ya msingi waliyosoma ina vyoo vibovu kiasi kwamba mabinti wa darasa la sita na la saba, wakiwa kwenye siku zao, hawaendi shule kabisa. Wanataka kuchangisha fedha wajenge vyoo vipya. Wananiuliza waanzie wapi, na watajibu nini watu wakianza kusema.

Wadogo zangu, nimefurahi kwa moyo wote. Miezi ile ya kusubiri matokeo ni mirefu, na kijana aliyekaa nyumbani huonekana hana kazi hata akichota maji kutwa nzima. Ninyi mmeutazama muda huo mkaona una kazi ya kufanya. Nitawajibu kwa urefu, maana najua mko wengi, si Muheza tu, mnaotaka kufanya jambo kama hili.

Kwanza acheni neno “tujenge” lipumzike kidogo. Nendeni shuleni mkahesabu. Utaratibu wa shule zetu unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa hiyo shule yenye wasichana 240 inahitaji matundu 12 kwa upande wao peke yao. Mwombeni mwalimu mkuu idadi ya wanafunzi, kisha mpite mlango kwa mlango na kalamu mkononi. Mlango upo? Unafungika kwa ndani? Maji yako umbali gani? Binti akibadilisha pedi, ile iliyotumika anaitupa wapi? Kipo chumba cha kujistiri, au ni neno tu kwenye mpango wa shule?

Nawaambia hivi kwa sababu mara nyingi mtu akishahesabu hugundua kwamba tatizo si jengo zima. Mashimo yapo na hayajajaa, kuta ziko imara, ila milango imeng'oka, makomeo hakuna, paa linavuja, na tanki la maji lilipasuka likaachwa. Hiyo ni kazi ya seremala, fundi bomba na mabati kadhaa. Kazi ya namna hiyo vijana sita wanaweza kuianza na kuimaliza.

Na kumaliza ndiko ninakotilia mkazo. Nchi hii ina maboma mengi yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi yakaishia kwenye lenta. Watu walisomba mawe, walichanga, walifyatua tofali, fedha ikakata, na leo majani yameota ndani ya madarasa ambayo hayajawahi kusomewa. Kila boma kama hilo ni sababu ya mzee wa kijiji kukwambia, “Tulishachanga, binti, hatukuona kitu.” Kwa hiyo chagueni kazi ndogo itakayokamilika. Milango 6 yenye makomeo, inayofunguliwa na kufungwa mbele ya macho ya wazazi, itawafungulia mfuko wa awamu ya pili kuliko hotuba yoyote.

Baada ya kuhesabu, kabla hamjamwambia mtu yeyote habari ya fedha, nendeni kwa wenyewe. Shule ile ni ya umma. Ina mwalimu mkuu, ina kamati ya shule, na kijiji kina mwenyekiti na mtendaji. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, michango ya shule ni jambo nyeti, na mwalimu mkuu anaweza kuingia matatani ikionekana wazazi wanatozwa kinyume cha utaratibu. Msimponze mwalimu wenu. Andikeni barua, semeni wazi kwamba mchango ni wa hiari, na kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani wala kusemwa mstarini kwa sababu mzazi wake hakutoa. Pelekeni nakala kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, naye mwombeni awasaidie kumpata mtaalamu wa halmashauri wa kukagua makadirio ya fundi wenu. Mkikubaliwa, ombeni barua ya utambulisho yenye muhuri. Hiyo barua mtatembea nayo kila mahali, na itawakinga siku mtakapoulizwa mmetumwa na nani.

Sasa tuje kwenye fedha.

Msiwaamini wanaosema Watanzania hawapendi kuchangia. Tazameni harusi. Mtu akiposa tu, kamati imeundwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Kadi za mchango zinasambazwa, orodha inatupwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mmoja anajaza jina lake na ahadi yake, anayelipa anawekewa alama ya vema, na katibu anakumbushia kila Jumapili bila kuona haya. Kwa wiki chache zinapatikana fedha ambazo maharusi wenyewe wasingezipata kwa miaka. Ujuzi huo mama zenu na shangazi zenu wanao tayari. Tafuteni shangazi mmoja aliyewahi kuwa mweka hazina wa harusi iliyokwisha bila ugomvi, mkae chini awafundishe.

Atawaambia jambo la kwanza: ahadi si hela. Daftari liwe na safu ya jina, safu ya ahadi, safu ya kilicholipwa, safu ya salio na safu ya tarehe. Msiagize mlango hata mmoja kwa fedha ya ahadi. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba hata isipopotea, bila daftari hamna cha kuonyesha siku mtakaposhukiwa. Na mtashukiwa. Kushukiwa kusiwaumize, ni haki ya mtoaji kuuliza. Kinachotakiwa ni jibu liwe limeandikwa tayari.

Fedha isikae kwenye laini ya mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kuliko wote. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, kwa hiyo fedha iliyomo, mbele ya njaa ya siku hiyo, ni yake. Mama akiugua usiku na simu ina laki mbili za vyoo, mnamweka mwenzenu kwenye jaribu ambalo hakustahili. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, au mtumie huduma ya vikundi ya kwenye simu kama M-Koba, ambako viongozi huidhinisha kabla fedha haijatoka. Benki itawadai katiba, muhtasari wa kikao na barua ya kutambulishwa. Msichoke, ni karatasi za jioni moja. Fedha taslimu inayopatikana kijijini ilindwe kama wanavyofanya akina mama wa VICOBA: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mwenye sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja.

Makato ya simu yaandikwe pia. Mtu akituma 10,000 bila ya kutolea, anayesoma daftari aone fedha iliyoingia ni kiasi gani na iliyokatwa ni kiasi gani. Na nauli. Kikao cha kwanza kabisa amueni kama mtarudishiana nauli ya kwenda Tanga mjini kuulizia bei, na ni kiasi gani, muandike. Nauli iliyoandikwa mapema ni gharama ya kazi. Iliyochukuliwa kimyakimya ni wizi, hata ikiwa shilingi 1,000.

Mtapataje hiyo fedha? Kwa sehemu, msiitafute fedha. Mwombeni fundi aandike makadirio akitenganisha vifaa na ufundi na kazi ya nguvu. Kusomba mchanga, kuchota maji, kuvunja kokoto, kupiga chokaa, hivyo ni vya mikono yenu na ya wenzenu. Itisheni msaragambo, neno hilo wazee wenu wa Tanga wanalijua na wengi wataguswa kulisikia kinywani mwa kijana. Watu wakiwakuta mna tope miguuni, mfuko unafunguka wenyewe. Mwenye shamba la michungwa ambaye hana fedha leo anaweza kutoa magunia mawili mkauze. Mwenye duka la vifaa anaweza kutoa makomeo. Yote yaandikwe kwa thamani yake. Bonanza la mpira nalo huleta watu na viingilio, mradi mtoe taarifa mapema kwa mtendaji na polisi. Ila kuuza tiketi za bahati nasibu msijaribu bila kuuliza, hiyo inahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Mwanasiasa akija na mifuko ya saruji na wapiga picha, msimfukuze wala msimpigie magoti. Mpokeeni mbele ya kamati ya shule, vifaa viingie stoo ya shule, jina lake liandikwe mstari mmoja kama lilivyoandikwa la bibi aliyetoa shilingi 500. Daftari lisiwe na mistari mikubwa na midogo.

Sasa mabinti, sogeeni karibu. Hili nitalisema kama dada, na sitalizungusha.

Mtakapoanza kuomba michango, watatokea wanaume watakaotoa kwa nia njema, na atatokea mmoja atakayesema mchango wake ni mkubwa, kwa hiyo uje uuchukue wewe mwenyewe, peke yako, jioni, na si dukani kwake bali mahali pengine. Au ataomba namba yako binafsi “kwa ajili ya kufuatilia”. Wekeni sheria tangu siku ya kwanza na muiandike kwenye katiba yenu: hatuendi kwa mchangiaji chini ya wawili, hatuendi baada ya jua kuzama, hatuendi gesti wala nyumbani kwa mtu, na namba tunayotoa ni ya kikundi tu. Mkiwa na sheria iliyoandikwa, binti hahitaji kutafuta maneno ya kukataa. Anasema, “Samahani kaka, utaratibu wetu hauruhusu,” basi.

Hela inayodai mwili si mchango. Hata kama ingenunua matundu yote 12, mwache nayo. Na ikitokea mmoja wenu ameshaambiwa neno la hivyo, asikae nalo peke yake akidhani ataharibu kazi ya kikundi. Awaambie wenzake, amwambie yule shangazi. Mkubwa mwenye mamlaka akilidai hilo ili atoe saini au kibali, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa lililotajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapigiwa bure kwa namba 113. Polisi nako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kijana wa kiume uliye ndani ya kikundi, hili linakuhusu pia. Usiwe mlinzi wa kutembea nyuma yao tu, uwe wa kwanza kukataa fedha hiyo mnapokaa kikao.

Wazazi nao watasema. Baba atauliza kwa nini unafanya kazi ya bure wakati nyumbani sabuni hakuna. Usimjibu kwa ukali, swali lake lina uzito. Mpangie siku: Jumanne na Jumamosi ni za vyoo, siku nyingine uko shambani au kwenye biashara yake kama kawaida, na usivunje mpango huo. Mwonyeshe daftari. Wazazi wengi hulainika wakiona mtoto wao ameaminiwa na kijiji kushika kalamu ya fedha za watu.

Jambo la picha nitaligusa kwa ufupi. Pigeni picha za milango mibovu na milango mipya. Msipige picha ya mtoto wa darasa la sita mkaandika chini yake kwamba huyu hukosa shule akiwa hedhini. Atakaa kijijini hapo maisha yake yote, na picha haifutiki. Mkihitaji sauti yao, kaeni na wasichana pamoja na mwalimu wa kike, wawaambie wanataka nini kwenye hicho choo, ndoano ya kutundikia begi, ndoo, dirisha liwe juu kiasi gani. Mtashangaa walivyo na majibu.

Kazi ikiisha, kuna siku moja msiikimbie. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Mwombeni mwenyekiti nafasi kwenye ajenda. Simameni msome: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, nani aliahidi akatoa. Aliyeahidi asitoe msimsome, salio lake mnalijua ninyi. Risiti zibandikwe ubao wa matangazo wa kijiji, nakala ibaki kwa kamati ya shule pamoja na funguo za stoo na jina la mtu atakayenunua komeo likivunjika mwakani. Msipomteua mtu huyo, milango yenu itakuwa imeng'oka kabla hamjafika kidato cha sita.

Basi, wadogo zangu wa Muheza, kahesabuni vyoo Jumatatu, barua ifike kwa mtendaji kabla ya Ijumaa, na bakuli lisipite kwa mtu yeyote mpaka muhuri upatikane. Nanyi wengine mnaosoma, kama shuleni kwenu kuna binti anayebaki nyumbani kila mwezi kwa sababu ya mlango usiofungwa, ulizeni bei ya komeo wiki hii hii.